Nozeli na kompyuta kwenye injini za modeli: kwa boti za rimoti hapa Mwanza tuhame kabureta au tubaki?

Mleta uzi

Mwangaluka wadau wa Kanda ya Ziwa, na wengine wote heshima kwenu.

Kila tukikutana Luchelele na boti zetu swali ni lile lile: pikipiki mpya zina nozeli (kifaa kinachorusha mafuta kwa amri ya kompyuta), mashine kubwa za boti zina nozeli, kwa nini injini za modeli, hizi ndogo za boti na ndege za rimoti, bado zinatumia kabureta? Nimeona nilijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu pale ufukweni hakuna anayesikiliza injini ikishawaka.

Boti yangu ina injini ya petroli ya cc 26, mipigo miwili, inayopozwa kwa maji ya ziwa. Sishindani nayo mwendo. Naifungia kifaa cha kupima kina, kisha inatembea nusu mwendo kwa muda mrefu kandokando ya Ghuba la Mwanza. Ninachotaka ni injini inayotulia kwenye nusu mwendo, na huko ndiko kabureta ilikolegea.

Kabureta zetu nyingi ni za aina ya Walbro, zile za ngozi mbili, yaani viwambo vyembamba vinavyocheza. Ngozi ya kwanza inapampu mafuta kwa kutumia msukumo wa kasha la krenki (chumba kilicho chini ya pistoni), ya pili inayapima. Hakuna floti (boya la kupima usawa wa mafuta), ndiyo maana boti ikilala ubavu au ndege ikigeuka chini juu injini inaendelea kuvuta. Ni kifaa kizuri sana kwa bei yake. Lakini kina skrubu mbili tu za mafuta, ya mwendo wa chini na ya mwendo wa juu. Ukizirekebisha umesahihisha sehemu mbili. Katikati yake unapokea kile kilichochongwa kiwandani, na mara nyingi mafuta yanazidi, plagi inalowa, injini inaanza kupiga misi.

Mfumo wa nozeli unabadilisha hapo. Pampu inasukuma mafuta kwa shinikizo lisilobadilika, nozeli inafunguka kwa muda uliopangwa, na kompyuta ndogo ndiyo inayoamua muda huo kwa kuangalia jedwali: mzunguko wa injini upande mmoja, uwazi wa kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) upande mwingine. Jedwali la 16 kwa 16 lina nafasi 256 za kusahihisha badala ya mbili.

Watu wengi wanaogopa kompyuta. Kompyuta ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye ukubwa wa tone, na hapa naomba tupige hesabu pamoja.

Injini ya cc 26 ikiwa imefunguliwa yote haijazi silinda kwa asilimia 100. Tuseme inapata cc 18 za hewa kwa mzunguko. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na lita moja ya hewa mchana ina uzito wa karibu gramu 1.03. Kwa hiyo cc 18 ni kama miligramu 18.5 za hewa. Petroli inaungua kikamilifu kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, lakini injini ya mipigo miwili inayovuta mzigo tunaipa mafuta zaidi kidogo, tuseme 12.5 kwa 1. Jibu ni miligramu 1.5 za petroli, sawa na mikrolita 2. Nusu mwendo inahitaji chini ya mikrolita 1. Sailensa, yaani injini ikinguruma tu bila kuvutwa, labda mikrolita 0.3.

Sasa chukua nozeli ya pikipiki inayotoa cc 100 kwa dakika ikiachwa wazi kwa shinikizo la baa 3. Hiyo ni mikrolita 1.67 kila milisekunde. Kwa nusu mwendo unataka ifunguke kwa nusu milisekunde tu. Lakini nozeli nyingi huchukua karibu milisekunde 1 kuinua sindano yake baada ya kupata umeme. Ukiiomba itoe mafuta kwa nusu milisekunde, mara inatoa, mara haitoi. Sailensa ndiyo kabisa.

Kwa hiyo anayenunua nozeli ya gari na kuifunga kwenye injini ya modeli atahangaika na programu wiki nzima, wakati tatizo liko kwenye chuma. Tafuta nozeli ndogo kuliko zote unazoweza kupata, kisha shusha shinikizo. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili (square root) cha shinikizo, yaani ukishusha kutoka baa 3 hadi baa 1 mafuta hayapungui mara tatu. Yanabaki kama asilimia 58. Nozeli yetu inakuwa ya cc 58 kwa dakika, na nusu mwendo sasa unahitaji karibu milisekunde 1 kamili ya mafuta. Hapo inatawalika. Kwenye sailensa unaiagiza kompyuta irushe mafuta kila baada ya mizunguko miwili, tone likubwe mara mbili. Kasha la krenki linayachanganya lenyewe.

Ukishusha shinikizo mafuta hayapuliziki laini kama kwenye gari. Kwa mipigo miwili hilo halinisumbui, kwa sababu mchanganyiko unapita kwanza kwenye krenki yenye joto na kuvurugwa kabla ya kufika juu ya pistoni.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa mashine za mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha boti, msikae kimya.

Fundi wa Nyakato

Nimesoma yote. Mimi nimefungua kabureta tangu enzi za Vespa, na Yamaha za wavuvi ndizo zilizonilea, kwa hiyo nipingwe kwa hoja.

Kwanza, hiyo ya mwinuko. Vijana wanakuja na injini iliyosetiwa Dar wanalalamika hapa inameza mafuta na kutoa moshi. Ni kweli hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Lakini unashika bisibisi, unakaza skrubu kidogo, umemaliza. Nani anahamisha boti ya rimoti kati ya Dar na Mwanza kila wiki?

Pili, mnasema nozeli inaokoa mafuta. Kwenye mipigo minne sawa. Kwenye mipigo miwili, tundu la moshi na matundu ya kuingizia yanakuwa wazi kwa wakati mmoja. Mchanganyiko mpya unaingia huku mwingine unatoroka na moshi. Ukiweka nozeli pale pale ilipokuwa kabureta, utapima vizuri sana mafuta ambayo sehemu yake inakwenda kumwagwa. Hilo kompyuta haiwezi kulizuia.

Tatu, oili. Kwetu oili iko ndani ya petroli. Nozeli ikiziba, beringi za krenki nazo zinakosa oili. Kabureta ikichafuka injini inalalamika mapema na unasikia. Je nozeli?

Mleta uzi

Shikamoo fundi. Hoja zako zote tatu zina uzito.

Ya mwinuko nakubaliana nawe, na nitaongeza hesabu ili watu wasidanganywe na wauzaji. Hewa ya Mwanza mchana ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 11 hivi. Kabureta hailaumiwi kwa zote 11, kwa sababu hewa ikipungua nguvu ya kunyonya nayo inapungua. Kosa linalobaki ni karibu asilimia 6 ya mafuta kuzidi. Tofauti ya asubuhi yenye nyuzi 18 na mchana wenye nyuzi 29 ni ndogo zaidi, hewa hubadilika kwa asilimia 4 tu na kabureta hukosea kama 2. Hayo ni mambo ya bisibisi kweli. Anayekushauri ununue mfumo wa nozeli kwa sababu ya mwinuko peke yake anakupotezea pesa.

Ya mafuta kutoroka pia ni kweli. Dawa yake ni kurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu la moshi kufungwa, kama zilivyofanya mashine za boti za Evinrude E-TEC na Yamaha HPDI. Hizo zina pampu ya oili ya peke yake, na shinikizo lake si la kujaribu nyumbani. Kwa hiyo akiba ninayoizungumzia ni ile inayopatikana kwa kuacha kumwaga mafuta ya ziada kwenye nusu mwendo. Mimi naipata kwenye plagi kavu na tangi linalodumu, lakini siwezi kuahidi mtu nusu ya matumizi.

Kuhusu oili ndipo naomba kila mtu asome mara mbili. Nozeli irushe mafuta kabla ya vali ya ridi (ulimi unaoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi), upande wa kipepeo, ili mchanganyiko wote upite kwenye kasha la krenki. Nimeona kwenye michoro ya watu wanaweka nozeli kwenye njia ya kuingilia silinda, wanasema moto unapokea haraka. Unapokea haraka, na beringi ya chini ya konrodi inabaki kavu. Usifanye hivyo kamwe na mafuta ya kuchanganya.

Na kuziba: ndiyo, nozeli haina huruma na uchafu. Petroli ya madumu inayouzwa pale mwaloni ina mchanga na maji. Chujio la nyavu la kabureta halitoshi. Weka chujio la karatasi lenye matundu ya mikroni 10 au madogo zaidi, kabla ya nozeli, na jingine la kawaida kabla ya pampu.

Mdau wa Bukoba

Mkuu mimi niko upande wa ndege. Nina injini ya methanoli, cc 7.5, ile ya plagi ya waya unaowaka. Na mtoto wa kaka yangu ana gari lenye injini ya cc 3.5. Tunaweza kuzifungia mfumo huu? Sindano ya kabureta inanichosha, kila nikiruka inataka kuguswa.

Mleta uzi

Kaka, kwa hizo mbili jibu langu ni hapana.

Gari dogo la cc 3.5 linazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 2. Nozeli yenye kuchelewa milisekunde 1 kufunguka imekula nusu ya muda wote kabla haijatoa kitu, na tone linalohitajika ni dogo kuliko la boti yangu. Ungelazimika kuiacha inarusha kwa mpigo wake yenyewe bila kufuata krenki. Inawezekana kinadharia, lakini uzito wa pampu, betri na nyaya ni mkubwa kuliko faida.

Kwa ndege yako mzunguko si tatizo kubwa. Tatizo ni plagi. Injini ya petroli ina cheche inayopigwa kwa wakati uliopangwa, nyuzi 28 au 30 kabla pistoni haijafika juu. Yako haina cheche. Waya wa platinamu unabaki mwekundu kwa sababu methanoli inaungua juu yake, na wakati wa moto kushika unategemea joto la waya, mgandamizo, kiasi cha nitromethani, na mchanganyiko wenyewe. Ukipunguza mafuta, moto unawahi. Kwa hiyo kila namba unayobadilisha kwenye jedwali la mafuta inabadilisha pia wakati wa moto, nawe huna namna ya kuupanga peke yake.

Methanoli nayo inahitaji uwiano wa hewa 6.4 kwa 1, yaani mafuta zaidi ya mara mbili ya petroli, na inatafuna pampu na mipira iliyotengenezwa kwa petroli. Nozeli iwe ya kuvumilia hilo.

Sisemi haijawahi kufanywa. O.S. ya Japani iliuza injini ya methanoli yenye nozeli ya umeme, 140 RX-FI, ya inchi za ujazo 1.40, kwa ajili ya wanaorusha ndege za michoro ya angani. Na YS, pia ya Japani, ina mfululizo wa DZ wa mipigo minne ambao unarusha mafuta kwa shinikizo bila umeme kabisa. Angalia ukubwa wake: hizo ni injini za cc 20 na zaidi. Walijua mfumo unalipa kuanzia wapi.

Kwa hiyo sindano inayotaka kuguswa kila mara, tafuta chanzo. Tangi likiwa juu au chini mno kuliko kabureta, au bomba la kunyonya lenye tundu dogo ndani ya tangi, litakusumbua hata ukifunga kompyuta ya ndege kubwa.

Mdau wa Ukerewe

Samahani kwa kuingilia. Mwaka 2018 sisi huku tulishuhudia zile ndege zisizo na rubani za DHL, Wingcopter na GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani) zikileta dawa kutoka bara. Kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, juu ya maji, na zilikuwa za umeme mtupu. Hakuna plagi, hakuna kabureta wala oili kwenye mikono. Mwaka huo huo tukio la droni la Lake Victoria Challenge lilifanyika Mwanza. Kwa nini tuendelee kuumiza kichwa na petroli?

Mleta uzi

Mdau, kwa ndege inayokwenda na kurudi kwenye chaji nakuunga mkono moja kwa moja. Ningekuwa naanza leo na ndege ndogo ningenunua mota na betri.

Ila kilo moja ya petroli ina nishati ya karibu megajuli 44, na kilo moja ya betri ya lithiamu iko chini ya megajuli 1. Hata injini yetu ndogo ikipoteza sehemu kubwa kama joto, kwa safari ya saa nyingi juu ya maji bado petroli inashinda. Boti yangu ikiishiwa nusu njia namimina kutoka kwenye chupa na kuendelea. Ndiyo maana nataka petroli hiyo ipimwe vizuri.

Mwanafunzi wa umeme, Nyegezi

Shikamoo kaka. Mimi nimeshika upande wa kompyuta. Nimeona mradi wa Speeduino wa kujitengenezea kompyuta ya injini, unatumia bodi ya Arduino Mega, ramani zake ziko wazi kwa kila mtu. Bodi ninayo tayari. Maswali yangu: kasi ya bodi inatosha? Sensa zipi ni za lazima? Na nikiweka sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inaweza kujisahihisha yenyewe kama gari?

Mleta uzi

Marahaba. Umeuliza maswali matatu mazuri.

Kasi inatosha na kubaki. Mega inakwenda kwa megahezi 16, na kipima muda chake kinaweza kuhesabu kwa hatua za mikrosekunde 4. Ukirusha mafuta kwa milisekunde 1, hatua hiyo ni chini ya nusu ya asilimia. Mkono wako wa kuchonga kishikio cha nozeli utakuwa na makosa makubwa kuliko hayo.

Sensa ya kwanza unayo tayari bila kununua. Injini za petroli za modeli zenye sanduku la cheche la betri zina sumaku kwenye gurudumu na sensa ya Hall, inayohisi sumaku ikipita, pembeni yake. Mpigo mmoja kwa mzunguko unatosha kwa mipigo miwili, kwa sababu kila mzunguko ni kazi moja kamili. Wenye mipigo minne watahitaji kujua mzunguko upi ni wa kunyonya, au wakubali kurusha nusu ya mafuta kila mzunguko. Kama injini yako ina magneto ya zamani basi utaongeza sumaku na sensa.

Ya pili ni nafasi ya kipepeo. Usisome amri ya rimoti ukaichukulia kama nafasi yenyewe, kwa sababu mkono wa servo (mota ndogo inayosukuma kipepeo) unaweza kuteleza au kupinda. Funga sensa ndogo kwenye mhimili wa kipepeo.

Ya tatu ni mgandamizo wa hewa ya nje na joto lake. Kijisensa kama BMP280 kinapima vyote viwili na ni bei ndogo. Kwenye magari wanasoma mgandamizo ndani ya njia ya kuingizia hewa, lakini kwenye silinda moja ya mipigo miwili hewa pale inapigapiga kiasi kwamba utasoma kelele. Kipepeo na mzunguko ndivyo viongoze, hewa ya nje irekebishe.

Ya nne ni joto la hedi (kichwa cha silinda), na hii kwa ziwani naihesabu kuwa ya lazima. Nitaachia fundi aeleze, naona amepanga kuandika.

Sensa ya oksijeni iache. Kumbuka alichosema fundi kuhusu hewa mpya kutoroka na moshi. Hewa hiyo ina oksijeni yake, sensa itaiona na kuiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache wakati ni sawa. Kompyuta itaongeza, na kuongeza. Juu ya hapo oili inaungua na kuipaka masizi. Jedwali la mipigo miwili linasahihishwa kwa joto la hedi, rangi ya plagi, na namna mzunguko unavyopanda ukivuta.

Jambo moja la umeme ambalo wengi wanaliruka. Nozeli ya pikipiki imeundwa kwa volti 12. Ukiilisha kwa betri ya volti 6.6 ya pokezi la rimoti itachelewa sana kuinuka, au isiinuke. Tumia lithiamu ya seli tatu. Nayo inaanza volti 12.6 na kushuka unapotembea, na kila ikishuka nozeli inachelewa zaidi, mafuta yanapungua, hedi inapata joto. Kompyuta lazima isome volti ya betri na kuongeza muda. Mtu akisema boti yake inaanza vizuri na kukosa nguvu baada ya nusu saa, kabla hajagusa jedwali la mafuta apime betri.

Fundi wa Nyakato

Ndiyo, nilikuwa naandika. Boti ya ziwani ina mambo mawili ambayo ndege haina.

La kwanza ni magugumaji. Maji ya kupoza yanaingia kwa tundu dogo nyuma ya propela. Jani moja likilala pale, hedi inachemka na wewe uko ufukweni husikii kitu hadi pistoni imeng'ata. Sensa ya joto ipange hivi: ikipita kiwango, kompyuta iongeze mafuta na kupunguza mwendo, kisha ikizidi izime. Hapo kwa kweli kabureta haina jibu, na ndipo nilipoanza kuelewa huu uzi.

La pili ni mawimbi. Asubuhi ziwa limelala, lakini upepo wa ziwa ukianza mchana boti inaruka na propela inatoka majini. Mzigo unakatika ghafla na mzunguko unapaa. Kompyuta inaweza kuzuia, lakini angalieni inazuia kwa nini. Ikikata mafuta imekata na oili wakati injini inazunguka kwa kasi kuliko wakati wote. Ikate cheche au iicheleweshe. Mafuta yaendelee.

Mleta uzi

Asante sana fundi. Hiyo ya kukata cheche badala ya mafuta wengi wanaipanga kinyume, kwa sababu kwenye magari kukata mafuta ndiyo kawaida. Mafuta ya ziada yatalowesha plagi kidogo, lakini ukomo huo unadumu muda mfupi tu hadi propela irudi majini.

Dada wa Musoma

Naomba kuongeza njia ya katikati ambayo haijatajwa. Mimi nahudumia misumeno ya minyororo. Stihl wana M-Tronic na Husqvarna wana AutoTune. Zote bado ni kabureta, ila ndani yake kuna vali ndogo ya umeme inayopima mafuta badala ya skrubu. Kompyuta inabadilisha mafuta kidogo na kuangalia mzunguko unaitikiaje. Hakuna pampu ya umeme wala shinikizo la baa yoyote. Umeme wenyewe unatoka kwenye sumaku za gurudumu, betri haihitajiki. Na tukumbuke Zenoah, ambao injini zao za cc 23 na 26 ziko kwenye boti nyingi za modeli, wako chini ya Husqvarna tangu 2007. Ni ukoo mmoja.

Na jambo jingine kwa wanaoona kabureta ni ya kizamani. Agosti 2003 Maynard Hill na wenzake walirusha ndege ya modeli kutoka Newfoundland, Kanada, ikatua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, kama kilomita 3,030 juu ya bahari. Injini ilikuwa O.S. ya mipigo minne ya cc 10 waliyoirekebisha, na ilikuwa ya kabureta. Ndege nzima ikiwa na mafuta haikuzidi kilo 5. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa karibu haoni. Walichokuwa nacho ni uvumilivu wa kupima.

Mleta uzi

Dada, mchango huu ungestahili uzi wake. Nakubali kabisa kuhusu ndege ya Hill, na nitaeleza kwa nini iliwezekana: ilikwenda kwa mwendo mmoja takriban safari nzima. Kabureta yenye sehemu moja ya kusahihisha, ukiipa mwendo mmoja, unaweza kuikamua hadi tone la mwisho. Boti yangu inapunguza kwenye kona, inavuta kwenye wimbi, inatambaa karibu na nyavu za watu. Mwendo mmoja siupati.

Hiyo vali ya umeme ya msumeno ndiyo ningemshauri mtu asiyetaka kuhangaika na pampu. Shida ni kwamba kompyuta yake imefundishwa tabia ya msumeno, unaovutwa wote au kuachwa. Ukiweza kuiendesha hiyo vali kwa Arduino yako mwenyewe, ukaacha ngozi za kabureta zifanye kazi ya pampu, una mfumo mwepesi sana. Kijana wa Nyegezi, hilo lifikirie kama kazi ya mwaka wa mwisho.

Mwanafunzi wa umeme, Nyegezi

Nimelifikiria, ila nozeli nimeshaipata kwa fundi wa bodaboda, Igoma, imetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali. Nilifanya jaribio nje uani, mbali na jiko, pampu ikiwa baa 1, betri volti 12. Niliifyatua mara 2,000 ndani ya bomba la sindano la cc 5. Kwa milisekunde 2 ilitoa cc 1.9. Kwa milisekunde 3 ilitoa cc 3.9. Inafaa au niitupe?

Mleta uzi

Usiitupe, umepata bahati. Angalia: ulipoongeza milisekunde 1 mafuta yaliongezeka cc 2.0 kwa mifyatuo 2,000, yaani mikrolita 1 kwa milisekunde. Na kwa milisekunde 2 ulipata mikrolita 0.95 tu, maana yake milisekunde 1.05 za mwanzo zilipotea ikiinuka. Hiyo namba ya 1.05 iingize kwenye programu kama ucheleweshaji wa nozeli.

Kwa injini ya cc 26 iliyofunguliwa yote, mikrolita 2 zitahitaji milisekunde 3.05. Kwa mizunguko 12,000 una milisekunde 5, kwa hiyo nafasi ipo. Sailensa tumia kila mizunguko miwili kama nilivyoeleza juu.

Sasa rudia jaribio hilo hilo betri ikiwa 12.6, kisha 11.1, kisha 10.5, uandike ucheleweshaji wa kila moja. Halafu fyatua kwa milisekunde 1.3 na 1.5 mara kadhaa, uone kama kiasi kinarudi kile kile. Kikiyumba kwenye 1.3, basi huo ndio ukomo wa chini wa nozeli yako na jedwali lisishuke hapo. Ukimaliza weka namba hapa kabla hujaifunga kwenye boti, fundi na mimi tuzipitie.